Msanii Akirudi, Anarudi Wapi?

Kwa miaka mingi ambayo nimekuwa karibu na wasanii wa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, nikisoma maombi yao kabla hayajatumwa na taarifa zao baada ya safari, nimeona habari za residensi zikisimuliwa kwa namna moja. Jina la aliyechaguliwa linatangazwa, pongezi zinamiminika, picha ya uwanja wa ndege inasambaa, na safari inapokwisha habari nayo inakwisha. Residensi, kwa asiyeizoea, ni mpango wa kumpa msanii malazi, karakana, posho na muda katika mji usio wake, ili afanye kazi bila kukimbizana na kodi ya nyumba wala oda za wateja. Ni jambo jema, na sina nia ya kulibeza. Ila tumezoea kulipima kwa safari yenyewe: nani kaenda, kaenda wapi, na mji huo una jina kiasi gani. Kipimo hicho kimetupotosha. Ukiyapitia mabadilishano ya kitamaduni yaliyozaa matunda katika nchi zetu, tangu Unguja ya karne ya 19 hadi Lubumbashi ya leo, utakuta kwamba yaliyodumu ni yale yaliyokuwa na nyumba ya kurudia, yaani kikundi, chuo, au taasisi yenye haja na kile ambacho msanii alikwenda kukitafuta. Palipokosekana nyumba hiyo, hata safari iliyofana iliishia kuwa mstari mmoja katika wasifu wa mtu mmoja.

Hata huko Ulaya na Marekani ambako mipango hii ilikomaa, mwenye nyumba mara nyingi alikuwa na haja yake. Mwaka 1666 serikali ya Louis XIV ilianzisha Chuo cha Ufaransa mjini Roma, ambacho tangu 1803 kimekaa katika jumba la Villa Medici. Vijana waliopelekwa huko hawakwenda kutalii. Walitakiwa kunakili sanamu na michoro ya kale kwa ajili ya majumba ya mfalme, kisha warudi Paris, ambako wateja, wakosoaji na kuta tupu za ikulu vilikuwa vinawasubiri. Marekani ilileta sura nyingine. MacDowell, iliyoanza 1907 katika msitu wa New Hampshire, na Yaddo ya Saratoga Springs, iliyopokea wageni wake wa kwanza 1926, zilimpa msanii kimya na chakula kilichokwisha kupikwa, bila kumdai chochote. Halafu ikaingia siasa ya vita baridi. Mpango wa wasanii wa Berlin ulianza 1963 kwa fedha za Ford Foundation, miaka miwili tu baada ya ukuta kujengwa, kwa kuwa Berlin Magharibi iliyozingirwa ilihitaji wageni wenye vipaji ili isidumae. Baadaye shirika la Kijerumani la DAAD likaupokea. Paris ikafungua Cité Internationale des Arts mwaka 1965, leo yenye karakana zaidi ya 300, na mwaka 1967 Paul Engle na Hualing Nieh wakaanzisha mpango wa kimataifa wa waandishi katika Chuo Kikuu cha Iowa. Ukiziacha MacDowell na Yaddo, hakuna hata mmoja kati ya mipango hii uliozaliwa kwa ukarimu mtupu. Kila mji ulijua unataka nini kwa mgeni wake, na hilo si kosa. Wahenga wetu walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kosa ni letu tulipokubali kuwa wageni wa kila nyumba bila kujiuliza sisi wenyewe tunataka kupona nini.

Zamani tulijiuliza. Historia ya taarab inasimulia kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Tuutazame mpango huo kwa macho ya leo. Aliyelipa ni Zanzibar. Aliyechagua kitu cha kujifunza ni Zanzibar. Na msanii alipomaliza, palikuwa na baraza la kupigia, wasikilizaji wenye hamu, na vijana waliotaka kufundishwa. Ndiyo maana elimu ile haikuzikwa na aliyeileta. Mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa, chama cha wanamuziki ambacho kingali hai hadi sasa, na ala za Kiarabu zikaota mizizi katika mji ambao haukuwa na haja ya kuwa Cairo ya pili. Kilichofuata kinaonyesha kwamba kujifunza kwa mgeni hakukumfanya mwenyeji awe nakala. Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, aliuchukua muziki uliokuwa ukiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa akauimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa mtaa wa Ng'ambo, na mwaka 1928 akavuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Safari ya Bombay ilikuwa ya biashara ya kampuni ya santuri, lakini hata hivyo alikwenda na kundi lake zima, akaimba kwa lugha yake, na santuri zile zikarudi kuchezwa katika mabaraza na mikahawa ya pwani nzima.

Mfano wa pili ni wa serikali, nao hausemwi sana. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka kundi la vijana China kujifunza sarakasi. Hawakuwa wasanii mashuhuri, wala China haikuwachagua kwa kupitia michoro au kanda zao. Walikwenda kama kundi, wakakaa miaka, na waliporudi kikaundwa kikundi cha sarakasi cha taifa kilichozunguka nchi nzima pamoja na kikundi cha ngoma. Kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, sarakasi ikawa somo, na watu waliokuwa katika vikundi vya taifa wakawa miongoni mwa walimu. Leo kijana wa Temeke anayepinda mgongo juu ya pipa katika hoteli ya pwani hajui kwamba ufundi wake ulipitia China, wala hana haja ya kujua, ni wake. Kuna watakaosema mpango ule ulikuwa propaganda ya urafiki wa mataifa mawili, na ulikuwa hivyo kweli. Ila propaganda ilipita, ufundi ukabaki, kwa sababu palikuwa na mahali pa kuuweka na watu waliolipwa kuufundisha. Bagamoyo hiyohiyo inatupa ushahidi mwingine. Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyeletwa Dar es Salaam kwa mwito wa Mwalimu Nyerere, aliishia kufanya makao yake Bagamoyo, na kutoka hapo akafanya kazi na studio ya Real World ya Uingereza, ikiwemo albamu ya 2002 aliyoshirikiana na Michael Brook. Alifariki 2003. Sauti ya ukoo ule haikufa naye, kwa kuwa zeze na ilimba zilikuwa zikifundishwa nyumbani kabla ya mzungu yeyote kubisha hodi: mwaka 2024 binti yake na mjukuu wake, Zawose Queens, walitoa albamu yao wenyewe katika lebo ileile.

Naweza kuulizwa: hizo ni muziki na sarakasi, sanaa za makundi, vipi mchoraji au mwandishi, ambaye kazi yake ni ya upweke? Tumtazame Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha Slade School ya London kati ya 1952 na 1955. London ile ilikuwa imejaa mitindo mipya, naye angeweza kuiga wowote. Akaendelea kuchora Uchaggani: migomba, mavuno, watu wakipanda mlima na mizigo. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku sasa imo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Tumtazame pia Ebrahim Hussein, aliyefanya udaktari wake wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, mji wa mtunzi wa tamthilia Brecht, na mwaka 1976 akatoa Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, kazi ambazo ndani yake mtu mmoja anasimama mbele ya hadhira na kusimulia kama fanani wa ngano. Siwezi kudai kwamba Berlin ndiyo iliyomrudisha kwenye ngano. Ninachoweza kusema ni kwamba wote wawili walirudi mahali palipokuwa na kazi ya kufanya. Ntiro alifundisha Makerere, akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, baadaye Kamishna wa Utamaduni. Hussein alirudi katika idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyokuwa ikibishana kwa moto namna tamthilia ya Kiswahili inavyopaswa kuwa. Upweke wa mchoraji na mwandishi ni wa saa za kazi. Baada ya hapo naye anahitaji watu wa kumsoma, kumpinga na kumrithi.

Sasa tuugeukie upande wa pili wa kumbukumbu hii. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere katika mkutano ambao mpaka leo unahesabiwa kuwa mwanzo wa mengi: Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka alikuwepo, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwepo angali mwanafunzi. Mkutano uliwahusu wanaoandika kwa Kiingereza, na kwa sharti hilo Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo akiwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili, hakuwa na kiti, jambo ambalo Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulihoji hadharani. Fedha zilitoka Congress for Cultural Freedom, na mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yakafichua kwamba nyuma ya shirika hilo ilikuwa CIA. Shirika hilohilo lilisaidia kituo cha Chemchemi, ambacho Es'kia Mphahlele alikifungua Nairobi mwaka 1963 na ambacho hakikudumu hata muongo mmoja. Somo ninalolichukua hapa halihusu majasusi. Waandishi wale hawakuandika kwa kuamriwa, na vitabu vyao vimesimama vyenyewe. Somo ni kwamba mwenye fedha huamua mambo mawili bila kupaza sauti: nani anaalikwa, na siku ya kufunga. Lugha ya fomu ikiwa Kiingereza, mshairi wa Lamu au Pemba amekwisha kuondolewa kabla hajaandika neno. Na mfadhili akipata haja nyingine, kituo kinafungwa hata kama wenyeji bado wana haja nacho.

Hilo la pili tumeliona tena katika kizazi hiki. Kuanzia miaka ya 1980 mtandao wa Triangle, ulioasisiwa 1982 na Robert Loder na mchongaji Anthony Caro, ulieneza kusini na mashariki mwa Afrika warsha za majuma mawili ambamo takriban nusu ya wasanii walikuwa wenyeji na nusu wageni. Ulikuwa utaratibu wa busara, kwa kuwa mgeni hakuletwa kufundisha bali kufanya kazi meza moja na mwenyeji. Kutoka katika vuguvugu hilo Nairobi ilipata Kuona Trust mwaka 1995, na kwa njia zao zenyewe zikafuata GoDown ya hapohapo Nairobi 2003, Nafasi ya Mikocheni, Dar es Salaam, mwaka 2008 yenye karakana za makontena ya meli, na 32° East ya Kampala mwaka 2011. Ni taasisi ninazoziheshimu. Bila hizo kizazi kizima cha wachoraji kingekuwa kinauzia watalii tu. Lakini zimelelewa kwa sehemu kubwa na ruzuku za balozi na mashirika ya Ulaya, na ruzuku ina kalenda yake. Uchaguzi ukibadilisha serikali Copenhagen, kama ulivyofanya mwaka 2015, misaada inakatwa, na kituo cha Denmark cha utamaduni na maendeleo kilichokuwa kikisaidia sanaa katika nchi nyingi kinafungwa, bila kura hata moja kupigwa Dar es Salaam wala Kampala. Wala si Waafrika peke yao. Mapema mwaka 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikata ruzuku zake kwa mpango wa Iowa. Tofauti ni kwamba Iowa ina chuo kikuu chini yake, wahitimu, maktaba na wachangiaji, kwa hiyo mpango ulipungua bila kufa. Kituo chetu kisicho na nguzo ya pili hakipungui, kinafunga milango.

Mfano wa karibuni unaonionyesha njia iliyo bora unatoka Lubumbashi, mji ambao Kiswahili chake ni cha wachimba madini na wachoraji wa mitaani. Mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza walialikwa kukaa katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, nyumba iliyojengwa juu ya mali na masalia ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Hawakwenda mikono mitupu. Pamoja na wenzao walikuwa wamekwisha kuanzisha kituo cha Picha na biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, na kwa hiyo walikwenda wakiwa na maswali ya mji wao. Baloji aliingia kwenye hifadhi akatoa picha na michoro ya rangi ya maji ya msafara wa Charles Lemaire, uliopita Katanga, eneo lenye mji huo, kati ya 1898 na 1900, akaikabili na Katanga ya leo. Kazi hiyo ilionyeshwa hapohapo Tervuren mwaka 2011. Baadaye, mwaka 2019, Baloji alikwenda Villa Medici, nyumba ileile ya Wafaransa, na anaishi kati ya Lubumbashi na Brussels, lakini biennale ya Lubumbashi imeendelea, na Mudekereza ameiongoza Waza, kituo kingine cha mji huohuo. Hapa naomba nieleweke. Kurudi ninakokusema si lazima kuwe kwa mwili. Msanii ana haki ya kuishi anapotaka, na si haki kumhukumu kwa anwani yake. Kinachopaswa kuwa na njia ya kurudi ni kazi, na njia hiyo hujengwa na watu waliobaki. Chukua riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 1994. Msomaji wa Kiswahili aliipata kama Peponi mwaka 2022 kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, baada ya Nobel ya 2021. Mwandishi na mfasiri wote wako Uingereza. Kilichoirudisha ni mchapishaji wa Dar es Salaam, Mkuki na Nyota, aliyekuwa na ofisi, wahariri na wasambazaji wa kuupokea mswada. Bila nyumba hiyo, riwaya inayosimulia pwani na bara letu ingeendelea kusifiwa kwa lugha za wengine.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni la uhuru. Wapo wanaosema uzuri wa residensi ni kwamba haidai kitu; msanii anapewa muda, na akilala usingizi miezi miwili ni shauri lake, kwani huenda usingizi huo ndio utakaozaa kazi. Ukimwekea sharti la kurudisha manufaa kwa jamii, umemgeuza afisa maendeleo. Nakubaliana na nusu ya hoja hii. Nimesoma taarifa nyingi mno za wasanii waliolazimishwa kuhesabu vijana waliowafundisha na wanawake waliowawezesha, wakati kazi yao halisi ilikuwa kutafuta rangi moja ya buluu. Masharti ya namna hiyo ni adhabu. Lakini sharti ninaloliweka halimwangukii msanii, linatuangukia sisi tunaobaki. Claude Debussy, mtunzi wa muziki aliyeshinda tuzo ya Roma mwaka 1884, aliichukia Villa Medici na kulalamika sana. Ufaransa haikumdai amshukuru mtu. Ilichofanya ni kuwa na kumbi, magazeti, wachapishaji wa muziki na wasikilizaji wakali aliporudi Paris. Uhuru wa msanii na wajibu wa mji wake havigombani. Kwa kweli mji wenye taasisi imara ndio unaoweza kumwacha msanii wake huru, kwa sababu haumtegemei mtu mmoja abebe matumaini ya taifa zima ndani ya begi lake.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Ukisema nyumba ijengwe hapa kwa fedha za hapa, wengi watasikia serikali, na serikali zetu wasanii wanazijua. Ukumbi wa maigizo wa Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, Kenya, ulikuwa nyumba ya kurudia kwa maana yote: wakulima na wafanyakazi waliijenga wenyewe, wakaigiza kwa Kikuyu tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwaka 1977 kibali kikafutwa, mwishoni mwa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kwa mtu aliyepitia hayo, mwaliko wa nchi ya kigeni ni wokovu, na hakuna hoja ya kizalendo inayostahili kumzuia kuupokea. Basi tuseme wazi kwamba residensi ya hifadhi ni aina yake peke yake na tusiipime kwa kipimo kingine. Hata hivyo Kamĩrĩĩthũ haithibitishi kwamba fedha za mbali ndizo salama. Inathibitisha kwamba nyumba isiyo na ulinzi wa sheria inabomoka. Na kati ya waziri na ubalozi kuna njia ambayo tumeisahau. Ikhwani Safaa imepita katika himaya ya Waingereza, mwisho wa usultani na Mapinduzi ya 1964 kwa kuwa ni chama cha wanachama. Siku hizi wasanii waliofanikiwa nao wameanza kujenga: Kehinde Wiley alifungua Black Rock mjini Dakar mwaka 2019, Michael Armitage alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa ya Nairobi mwaka 2020, na Yinka Shonibare alifungua nyumba ya wasanii Lagos mwaka 2022. Fedha zikitoka pande tatu au nne miongoni mwa wanachama, manispaa, chuo kikuu, mfadhili wa nje na msanii tajiri, hakuna anayeweza peke yake kuchagua wageni wala kufunga mlango.

Pingamizi la tatu ni la umaskini: nchi yenye shule zisizo na madawati itawezaje kulipia mtu akae achore? Anayeuliza hivi anadhani nyumba ya wasanii ni jumba kama Villa Medici. Nafasi ilianza kwa makontena. Vyuo vyetu vina mabweni yanayokaa matupu kila likizo, na halmashauri zina majengo ya zamani yanayooza kwa kukosa mtu wa kuyakaa. Tanzania ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ambao kwa sasa unajulikana zaidi kwa mikopo. Mkopo humsaidia mwenye duka la vifaa vya muziki, haumsaidii mshairi anayehitaji miezi mitatu ya kumaliza diwani isiyo na faida. Sehemu ndogo ya mfuko kama huo ikigeuzwa kuwa muda, yaani posho ya msanii mmoja mmoja kukaa Kilwa, Ujiji au Lamu, ingekuwa mwanzo. Tena umaskini ndio sababu ya kutazama kwa majirani kwanza. Ada ya viza ya Schengen ilipanda mwezi Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na hairudishwi hata msanii akikataliwa akiwa na barua ya mwaliko mkononi. Mkataba wa UNESCO wa 2005 kuhusu uanuwai wa kujieleza kiutamaduni, ambao nchi za Ulaya zimeuridhia, katika kifungu chake cha 16 unazitaka nchi tajiri ziwape wasanii wa nchi zinazoendelea upendeleo katika mabadilishano. Tuendelee kudai haki hiyo, lakini tusiisubiri. Wakati huohuo Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, Mtanzania anafika Kampala kwa basi na pasi bila kuomba viza, na Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

Ndani ya eneo hilo tuna kitu ambacho Berlin na Iowa haziwezi kumpa mgeni wao: lugha moja ya kufanyia kazi. Mchoraji wa Mikocheni akikaa Lubumbashi atabishana na mwenyeji wake kwa Kiswahili, na mtaani watamwelewa, hata kama watamcheka kwa sarufi zake. Mshairi wa Pemba anaweza kukaa Bujumbura na kusomwa na jirani zake bila mfasiri. Kwa hiyo pendekezo langu ni la kawaida. Kila kituo tulichonacho kitenge chumba kimoja kwa msanii wa nchi jirani, fomu iandikwe kwa Kiswahili, na mwenyeji aseme wazi anataka nini kwa mgeni, kama Barghash alivyojua anataka kanuni. Anayealikwa ng'ambo aende, na kabla hajaondoka kituo chake kikae naye kupanga kazi itarudi kupitia mlango upi: maonyesho, somo, kitabu, au kundi la vijana watakaokaa naye karakanani. Na wafadhili wa nje wanaotaka kusaidia kwa dhati walipie kuta, mishahara ya walinzi wa nyaraka na maktaba kwa miaka kumi, badala ya tiketi kumi za ndege kwa mwaka mmoja. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msanii wetu atarudi, yeye au kazi yake, na ni jukumu letu tuliobaki kuhakikisha kwamba chombo hakijazama kwa kukosa mtu wa kukumba maji.